Mwalimu au Wachezaji: Nani Huiinua Timu Iliyoanguka?

(Hotuba ya Kamati ya Michezo, iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Chama)



Twamshukuru Bwana Mwenyekiti kwa kutupa nafasi ya kusema mbele yenu jioni hii, nasi twawashukuru ninyi wanachama mliokuja kwa wingi baada ya kazi ya kutwa, wengine kwa miguu na wengine kwa baiskeli. Habari tuliyoagizwa kuinena si ngeni kwenu. Tangu timu ya Chama chetu iliposhindwa mara tano mfululizo, hapana ofisi ambayo haikuizungumza, wala haipiti saa ya chai pasipo makarani wawili kubishana juu yake. Katika mabishano hayo zimetokea pande mbili. Upande mmoja wasema, "Mwondoeni mwalimu, wachezaji tunao, asiyekuwapo ni mtu wa kuwafundisha." Upande wa pili wasema, "Mwacheni mwalimu, leteni wachezaji. Hata fundi hodari hawezi kushona kanzu pasipo nguo." Kila upande umemwandikia Katibu barua, na barua zote mbili zaomba fedha zile zile zilizomo katika mfuko wa Chama. Fedha hizo ni michango yenu, wala hazitoshi kwa mambo mawili.

Sisi wa Kamati ya Michezo tuliona si vema shauri kama hili likatwe kwa kelele. Mwalimu wetu ni karani mwenzetu, afundishaye jioni bila malipo, naye yupo humu ndani pamoja nasi. Wachezaji wetu nao ni ndugu zetu. Tukikosea, tutamvunjia heshima mtu asiye na hatia, na fedha zitakwisha bila faida. Kwa hiyo tuliona yafaa kutazama kwanza watu waliokwisha kupita njia hii, tupate kujua wao waliinukaje.

Tumechagua mfano wa Uingereza, kwa sababu huko palikuwa na marafiki wawili walioigawanya kazi hii baina yao: mmoja alikuwa bingwa wa kuiongoza timu, na mwingine alikuwa bingwa wa kuwatambua wachezaji. Walifanya kazi pamoja, wakatengana, wakarudiana, kisha wakatengana tena. Basi twaweza kumpima kila mmoja peke yake, tena tukawapima wote wawili pamoja, kama mganga apimavyo dawa mbili.

Watu hao ni Brian Clough na Peter Taylor. Walijuana walipokuwa wachezaji wa Middlesbrough katika miaka ya 1950. Taylor alikuwa mlinda mlango wa kadiri, lakini mwenye jicho kali. Clough alikuwa mfungaji wa ajabu. Katika michezo 274 ya ligi alifunga mabao 251. Siku ya tarehe 26 Desemba 1962, akiichezea Sunderland, aliumia goti vibaya, na mwendo wake wa kucheza ukakatika angali kijana. Mwaka 1965 akapewa kuiongoza timu ndogo ya Hartlepools United, naye akamwita Taylor awe msaidizi wake. Mwaka 1967 wote wawili wakahamia Derby County, iliyokuwa katika daraja la pili.

Kazi yao waliigawanya hivi. Clough ndiye aliyesimama mbele ya wachezaji, akawatia moyo, akawatia adabu, akamwambia kila mtu kazi yake kwa maneno machache yasiyo na mafumbo. Taylor yeye alizunguka viwanjani akitazama wachezaji wa timu nyingine, kisha akarudi na kusema, huyu tumchukue, na huyu tumwache. Mwaka 1968 walimchukua Dave Mackay kutoka Tottenham kwa paundi 5,000 tu. Mackay alikuwa na umri wa miaka 33, na watu wengi walidhani amekwisha. Lakini Derby hawakumtaka akimbie kama kijana. Walimweka nyuma, awapange wenzake na kuwatuliza. Mwaka 1969 Derby wakapanda daraja la kwanza, na mwaka huo huo waandishi wa habari za mpira wakamtaja Mackay, pamoja na mwingine mmoja, kuwa mchezaji bora wa Uingereza. Mwaka 1972 Derby wakawa mabingwa wa nchi nzima.

Mtasema, "Hapa aliyeleta ushindi ni nani? Yule aliyemwona Mackay, au yule aliyemwongoza?" Nasi hatukuweza kujibu kwa mfano huu mmoja, maana wote wawili walikuwapo. Tuwatazame basi walipotengana.

Mwezi wa Oktoba 1973 walijiuzulu Derby baada ya kugombana na wakuu wa timu, wakaenda Brighton katika daraja la tatu. Mwezi wa Julai 1974 Clough aliitwa Leeds United, naye akaenda. Taylor akakataa, akabaki Brighton. Sasa angalieni, maana Leeds hawakuwa timu iliyoanguka. Walikuwa mabingwa wa msimu uliokwisha wakati ule ule, na wachezaji wao wengi walikuwa wakizichezea timu za mataifa yao. Wasemao kwamba wachezaji ndio kila kitu wangetazamia timu ile ishinde hata ikiongozwa na bawabu. Na wasemao kwamba mwalimu ndiye kila kitu wangetazamia ishinde mara mbili, maana ilipata mwalimu aliyekwisha kutwaa ubingwa mahali pengine.

Haikuwa hivyo. Clough alikuwa amewalaumu Leeds hadharani kwa miaka mingi kwamba mchezo wao ni wa hila na ukali, na inasimuliwa kwamba siku za kwanza kabisa aliwaambia nishani walizopata wazitupe. Wachezaji walifunga mioyo yao. Katika michezo sita ya ligi walishinda mmoja tu. Baada ya siku 44, tarehe 12 Septemba 1974, Clough akafukuzwa kazi. Wala wachezaji wale hawakuwa wamechakaa, kwa kuwa mwezi wa Mei 1975, chini ya mwalimu mwingine, Jimmy Armfield, walifika mchezo wa mwisho wa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mjini Paris, wakashindwa na Bayern Munich. Basi mwalimu alikuwa hodari, na wachezaji walikuwa hodari, lakini hawakuwa wa shauri moja. Mwalimu hakuwachagua wale, na wale hawakumtaka yeye.

Naye Taylor peke yake alipataje? Alikaa Brighton misimu miwili. Katika msimu wa pili timu yake ilimaliza ya nne, karibu na kupanda, lakini haikupanda. Jicho lake halikupotea, lakini hakuwa na ulimi wa mwenzake.

Sasa twafika Nottingham, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mwezi wa Januari 1975 Clough aliajiriwa na Nottingham Forest. Timu hiyo ilikuwa ya 13 katika daraja la pili, haina fedha nyingi wala sifa. Clough alikuwa peke yake. Msimu ule Forest wakamaliza wa 16. Msimu uliofuata wakamaliza wa 8. Yaani mwalimu mmoja mzuri aliisimamisha timu isianguke zaidi, tena aliisogeza mbele hatua kadha. Hatusemi hilo ni jambo dogo. Lakini wakati ule hapakuwa na mtu aliyeota ubingwa.

Mwezi wa Julai 1976 Taylor akaja. Tangu siku hiyo mambo yalikwenda kwa mwendo ambao hata leo wapenzi wa mpira huusimulia kama hadithi. Mwaka 1977 Forest walimaliza wa tatu, wakapanda daraja la kwanza kwa kuwapita wenzao pointi moja tu. Mwaka 1978, msimu wao wa kwanza katika daraja hilo, wakawa mabingwa kwa pointi 64, na Liverpool wa pili wakiwa na 57. Katika michezo 42 walifungwa mabao 24 tu. Tangu Novemba 1977 hata Desemba 1978 walicheza michezo 42 ya ligi pasipo kushindwa, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 2004 na Arsenal. Mwaka 1979 mjini Munich waliwashinda Malmö wa Sweden kwa bao moja, wakatwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1980 mjini Madrid waliwashinda Hamburg wa Ujerumani kwa bao moja, wakalitwaa tena. Timu iliyokuwa ya 13 katika daraja la pili ilipanda juu ya Ulaya nzima kwa muda usiotimia miaka mitano na nusu.

Tulipoyasikia hayo sisi tulitaka kusema upesi, "Kumbe, ni wachezaji walioletwa na Taylor!" Lakini haki yatutaka tuwatazame wachezaji wenyewe, mmoja mmoja.

Wa kwanza ni Peter Shilton, mlinda mlango, aliyenunuliwa kutoka Stoke City mwaka 1977 kwa paundi zipatazo robo milioni. Kwa mlinda mlango fedha hizo zilionekana nyingi mno siku zile, lakini Taylor, aliyewahi kulinda mlango mwenyewe, alijua thamani yake. Huyu alikuwa hodari kabla ya kuja, na ushahidi wake ni wa wale wasemao, "Leteni wachezaji."

Wa pili ni Kenny Burns, aliyetoka Birmingham City mwaka huo huo. Huyu alikuwa na jina baya la ugomvi na kamari, na huko Birmingham alikuwa akicheza mbele, kufunga mabao. Inasimuliwa kwamba Taylor alimfuata kwa siri mpaka kwenye mashindano ya mbwa ili aone mwenendo wake kabla ya kumshauri mwenzake. Akarudi, akasema achukuliwe. Walimtoa mbele, wakamweka nyuma kuwa beki, na Clough akamshika kwa adabu. Msimu huo ulipokwisha waandishi wa habari wakamchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka 1978. Tuseme yeye ni ushahidi wa nani? Asingalionekana na mmoja, na asingalifundishwa na mwingine, angalibaki fowadi mgomvi.

Wa tatu ni Garry Birtles. Alikuwa akifanya kazi ya kutandika mazulia, na kucheza katika timu ndogo ya Long Eaton United. Alinunuliwa kwa paundi 2,000. Mwezi wa Septemba 1978 Forest walipokutana na Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya, yeye ndiye aliyefunga bao la kwanza.

Wa nne, naye twawaomba mmsikilize sana, ni John Robertson. Huyu hakununuliwa. Alikuwapo Forest tangu mwaka 1970, kabla ya Clough na kabla ya Taylor. Walimkuta mnene, mvutaji wa sigara, asiyejali mavazi yake, na jina lake limo katika orodha ya watu wanaouzwa. Hakuwa na mbio. Kwa muda mrefu alichezeshwa katikati, na katikati hakuonekana. Wakubwa hawa wakamtazama vema, wakaona kwamba akipewa mpira hapotezi. Wakamhamisha upande wa kushoto kuwa winga, wakawaagiza wengine wote wampe yeye mpira, na Taylor akamkaripia juu ya chakula na uvivu wake. Mwaka 1979 mjini Munich, krosi iliyozaa bao la ushindi ilitoka mguuni mwa Robertson. Aliyeufikia mpira ule kwa kichwa ni Trevor Francis, mchezaji wa kwanza wa Uingereza kununuliwa kwa paundi zipatazo milioni moja. Mwaka 1980 mjini Madrid, bao pekee alilifunga Robertson mwenyewe. Wazee wetu walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Forest nusura waiuze mbacha yao kabla hawajaiketia.

Basi twaona nini? Twaona kwamba kuchagua na kufundisha havikuwa vyumba viwili vyenye ukuta katikati. Taylor hakuchagua mchezaji bora kuliko wote. Alichagua mchezaji wa kufaa nafasi ambayo Clough alikuwa ameiacha wazi. Wala Clough hakumfundisha mtu mambo mapya mengi. Alimwambia afanye lile alilochaguliwa kwa ajili yake, asiongeze. Mmoja alijua anamchagulia nani, na mwingine alijua kwa nini huyu ameletwa.

Mwisho wao nao wahakikisha maneno haya, ijapokuwa ni mwisho wa huzuni. Taylor alistaafu mwaka 1982, akaacha Forest. Miezi michache baadaye akarudi kazini kuiongoza Derby peke yake. Mwaka 1983 akamchukua Robertson, yule yule, bila kumwambia rafiki yake, na Clough akakasirika mno. Hawakupatana tena mpaka Taylor alipofariki mwaka 1990, na Clough aliungama baadaye kwamba jambo hilo lilimtia majuto. Taylor peke yake hakuweza kuiinua Derby. Aliondoka mwaka 1984, na msimu huo timu ikashuka mpaka daraja la tatu. Clough peke yake alifanya vizuri zaidi: alitwaa Kombe la Ligi mwaka 1989 na 1990, na mara kadha alimaliza wa tatu katika ligi. Lakini ubingwa hakuupata tena, na mwaka 1993, alipostaafu, Forest walikuwa wa mwisho na wakashuka daraja. Kwa haki twakubali kwamba mwalimu peke yake alifika mbali kuliko mchaguzi peke yake. Lakini hapana hata mmoja aliyefika pale walipofika wawili.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya kale, siku hizi fedha ndiyo mwalimu na mchaguzi." Hatukatai kwamba timu zenye kulipa mishahara mikubwa kwa kawaida hushika nafasi za juu. Lakini mtazameni Leicester City. Mwaka 2015 walimaliza wa 14, baada ya kuponea chupuchupu kushuka. Mwaka 2016 wakawa mabingwa wa Uingereza kwa pointi 81, wakishindwa michezo mitatu tu. Mwalimu wao mpya alikuwa Claudio Ranieri wa Italia. Lakini Jamie Vardy alikuwa amenunuliwa mwaka 2012 kutoka timu isiyokuwamo hata katika madaraja manne ya juu. Riyad Mahrez alitoka daraja la pili la Ufaransa mwaka 2014. Na N'Golo Kanté aliletwa mwaka 2015 kutoka Caen. Steve Walsh, aliyesimamia kazi ya kutafuta wachezaji, alikuwapo kabla ya Ranieri. Naye Ranieri alipofika hakutaka kugeuza kila kitu ili aonekane amefanya kazi. Aliacha mengi aliyoyakuta yakizaa. Mwaka 2016, baada ya ubingwa, Kanté akauzwa Chelsea na Walsh akaenda Everton. Ranieri akabaki, lakini mwezi wa Februari mwaka 2017 haukwisha naye. Timu ilikuwa karibu na kushuka, naye akafukuzwa. Chelsea, waliokuwa wamemaliza wa 10, wakawa mabingwa mwaka huo, wakiwa na Kanté, tena wakiwa na mwalimu mpya, Antonio Conte, aliyeupanga upya ulinzi wao.

Leicester walipomwondoa Ranieri walipata nafuu, wakamaliza wa 12. Hapo mtu huweza kusema, "Mwaona? Kumwondoa mwalimu ni dawa." Tahadhari. Mtaalamu wa uchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alitoa mwaka 2011 uchunguzi wake juu ya ligi ya nchi yake kwa miaka 1986 hata 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza walimu wao na timu zilizoanguka vivyo hivyo zisiwafukuze, wala hakuona kwamba kufukuza kulileta faida. Sababu si ngumu kufahamu. Mwalimu hufukuzwa timu ikiwa chini kabisa, na mtu aliye chini kabisa, mara nyingi njia iliyobaki kwake ni kupanda. Mgonjwa wa homa akibadili mganga siku ile homa inapotaka kushuka, humsifu mganga wa pili.

Sasa turudi nyumbani. Bwana Mwenyekiti, hapa twaomba ruhusa ya kusema jambo lisilotupendeza kulisema. Mwaka jana, kabla ya mashindano kuanza, Kamati hii iliwaomba wachezaji watatu mashuhuri wa idara nyingine wajiunge na timu yetu, nao wakakubali kwa moyo mwema. Sisi tulijisifu. Gazeti letu likaandika majina yao kwa herufi kubwa. Lakini hatukumwuliza mwalimu. Laiti tungalimwuliza, angalituambia kwamba fowadi wa katikati anaye, tena kijana. Alilokosa ni beki wa kushoto na mtu wa kugawa mpira katikati. Nasi tulimletea mafowadi wa katikati watatu. Mmoja alicheza mahali pake, wa pili alichezeshwa mahali asipopajua, na wa tatu akaketi nje kwa uchungu. Yule kijana wetu wa zamani akaacha kuja mazoezini. Kisha tuliposhindwa mara tano, watu wakasema mwalimu hajui kazi, na sisi tuliojua ukweli tukanyamaza. Leo hatunyamazi. Kosa lile lilikuwa letu, si lake, nasi twamwomba radhi mbele yenu nyote.

Kwa hiyo Kamati haiungi mkono barua ya kwanza wala barua ya pili. Twaleta mashauri manne. La kwanza, mwalimu aendelee kwa misimu miwili kamili, asihukumiwe kwa mchezo mmoja mmoja. La pili, awe na kiti katika Kamati ya Michezo, na mchezaji yeyote asialikwe kabla yeye hajasema ni nafasi gani iliyo wazi. La tatu, achaguliwe mwanachama mmoja mwenye jicho, ambaye kazi yake iwe kutembelea viwanja vya wengine na kumletea mwalimu habari. Wawili hao wakae pamoja kila juma, tena wakigombana wagombane humo ndani, si barazani. La nne, kabla ya kutoa hata senti moja ya mfuko kwa ajili ya wageni, kila mchezaji wetu aliyeketi nje apimwe katika nafasi nyingine isiyokuwa ile aliyozoea. Pengine yumo Robertson kati yetu. Wazee walisema pia, mchagua jembe si mkulima. Sisi tungeongeza tu kwamba mkulima naye lazima aulizwe shamba lake ni la udongo gani.

Mabwana na Mabibi, ninyi ni makarani, na jambo hili mwalijua kuliko wacheza mpira. Nani kati yetu hakupata kuona ofisi iliyosemwa kuwa haifai, mafaili yamelundikana, barua hazijibiwi, hata watu wakataka mkubwa wake ahamishwe au makarani wake wabadilishwe wote? Kisha akaja mtu mmoja mwenye busara, akamtoa mwenye mwandiko mzuri mezani pa hesabu, akamweka mwenye akili ya hesabu mahali pale, na yule mzee aliyekuwa akidhaniwa mzito akampa kuwapokea watu mlangoni, kwa kuwa alikuwa mpole na mwenye lugha nyingi. Hakuongeza mtu wala hakufukuza mtu, na kwa mwezi mmoja ofisi ikawa ofisi. Lakini asingaliweza kama asingalikuwa na ruhusa ya kuwapanga, wala asingaliweza kama asingaliwajua.

Katika mji wa Derby, penye uwanja wa timu ile, iliwekwa sanamu mwaka 2010. Ni sanamu ya watu wawili waliosimama pamoja, Clough na Taylor, na kombe la ubingwa baina yao. Waliohitilafiana maishani walirudishwa pamoja na watu wa mji, kwa kuwa watu wa mji hawakuweza kuyakumbuka mema ya mmoja pasipo mwenzake. Sisi hatutaki kungoja sanamu. Mwalimu wetu yuko hapa, wachezaji wako hapa, na uwanja utakuwa wazi Jumamosi saa kumi na nusu. Twawaomba mje kuutazama mchezo, tena mje na subira.

Bwana Mwenyekiti, tumekoma hapo, nasi tuko tayari kujibu maswali.